Viwiko Ndani ya Shaba

Kule kwetu Stuttgart, kwenye taasisi ya metali, mtu akitaka kujua kama tanuru la fuwele linafanya kazi hakuulizia tanuru. Aliuliza, "Lore yupo?" Ukiambiwa yupo, basi tanuru lina moto. Ukiambiwa hayupo, unarudi zako ghorofani, maana hata Profesa Veil mwenyewe, aliyelinunua tanuru lile na kulipigania kwa barua mwaka mzima, hakuthubutu kugusa swichi yake.

Lore Scheufele hakuwa msomi. Alizaliwa kwenye nyanda za juu, huko mawe yanakoota kuliko viazi, akashuka mjini akiwa na miaka kumi na tisa kufanya kazi kwenye kiwanda cha vyombo vya kupimia. Vita vikamchukulia mume, vikamwachia jina la mume na chumba kimoja chenye dari inayovuja. Mwaka arobaini na nane taasisi ikamwajiri aoshe chupa. Siku moja fundi wa tanuru akaugua, Lore akaambiwa akae tu amwangalizie kipimo cha joto. Alipopona yule fundi akakuta ufito wa shaba umetoka mzuri kuliko zake zote za miaka mitatu. Alikuwa muungwana, akaomba kuhamia karakana ya mbao.

Kazi yenyewe ni hii. Shaba ya kawaida, ya sufuria au ya waya, ni rundo la fuwele ndogo ndogo zilizobanana ovyo. Lore alikuwa akiyeyusha shaba safi ndani ya kalibu, halafu akiishusha kalibu polepole kutoka kwenye moto, kidole kimoja kwa saa, ili shaba igande kuanzia ncha moja tu. Ukiwa na subira, na tramu ya barabarani isikutikise, unapata ufito mwembamba kama penseli, mrefu shubiri moja, ambao wote kwa ujumla wake ni fuwele moja. Atomi zimepangana mle kutoka ncha hadi ncha bila kukosea hatua. Miguu ya tanuru Lore aliivalisha sufu nene kwa ajili ya tramu. Hakuambiwa na mtu.

Ufito kama huo ni laini mno. Ukiushika katikati, ncha zake zinaweza kulegea kwa uzito wao wenyewe. Kwa hiyo Lore aliubeba kwa viganja viwili vilivyokunjuliwa, akaulaza kwenye rafu ndani ya kitanda cha sufu, na rafu ile haikuguswa na mwingine yeyote.

Sasa hapo ndipo penye shida, kwa sababu sisi Waswabia, Wajerumani wa pande hizi, tuna ugonjwa wetu, nao ni ufagio. Kila nyumba ina zamu ya wiki. Kibao cha mbao kinatundikwa mlangoni kwako, na wiki hiyo ngazi, korido, madirisha na uchochoro wa nje ni vyako, na majirani watapita wakivuta kidole kwenye ukingo wa ngazi kuona kama umefuta. Tumeupeleka ugonjwa huu hadi kazini. Mafundi wanne wa ghorofa ya chini walipokezana kibao, na mwenye kibao alisafisha vyumba vyote vinne. Kuhusu chumba cha fuwele Profesa Veil aliweka sheria mbili: rafu ni ya Lore peke yake, na zamu hazibadilishwi. Jina lililo kwenye kibao ndilo litakalojibu.

Wiki ya pili ya Oktoba, mwaka hamsini na sita, kibao kilikuwa cha Lore. Ijumaa asubuhi, Profesa akiwa safarini, simu ikaja kutoka nyanda za juu: mama yake Lore, mwenye miaka sabini na minne, ameanguka kwenye ngazi ya ghala la nyasi, amevunjika nyonga. Treni inaondoka saa sita mchana.

Lore alisimama koridoni ameshika ndoo, hajui aiweke wapi. Wilma Knapp akatoka chumba cha vipimo.

Wilma huyu alikuwa rafiki yake wa miaka kumi na miwili. Walikutana kwenye handaki la kujikinga na mabomu, wakachota kifusi pamoja baada ya vita, wakagawana koti moja la baridi kwa zamu, na Lore ndiye aliyemleta kwenye taasisi. Alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi na mikono yenye haraka. Kazi yake ilikuwa kupima fito za Lore, ambazo Lore mwenyewe alimpelekea zikiwa zimeshafungwa kwenye kishikizo.

"Umesimama nini hapo kama kinyago?" Wilma alimuuliza. "Mama yako yuko hospitali, wewe unakumbatia ndoo. Nenda!"

"Zamu yangu hii, Wilma. Na sijaomba ruhusa."

"Ruhusa umwombe nani, mzee mwenyewe hayupo? Lete ndoo. Nitafagia mimi, Jumatatu utakuta kibao chako na chumba chako vinang'aa, nani atajua?"

"Rafu usiiguse."

"Nimeshasikia."

"Hata vumbi uliache, Wilma. Kuna namba kumi na saba pale."

"Ee Mungu, mwanamke huyu! Treni itakuacha!"

Wakakumbatiana, na Lore akakimbia.

Mama yake alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha dirishani, mguu umefungwa kamba na jiwe la uzito, na hasira tele. Jumamosi nzima alimlalamikia muuguzi kwamba dengu za hospitali hazina siki. Alipochoka kulalamika akamgeukia binti.

"Hivi wewe huko mjini unafanya nini hasa? Watu wananiuliza kanisani. Mimi nawaambia anapika shaba."

"Si uongo, mama. Napika shaba."

"Inaiva?"

Lore akacheka. Akachukua uzi wa kufumia wa mama yake, akalikunja blanketi likafanya matuta na mifuo kama shamba lililolimwa, akaulaza uzi kwenye mfuo mmoja.

"Tuseme hili blanketi ndiyo shaba. Matuta haya ni safu za atomi. Sasa ndani ya shaba kuna mahali safu imekatika njiani, haikufika mwisho. Pale inapokatikia panafanya mstari mrefu, ndio huu uzi. Profesa anauita mteguko, kama kifundo cha mguu kilichoteguka. Ukiipinda shaba, hii mistari ndiyo inatembea. Haya niambie, uzi unavukaje tuta?"

"Unauinua."

"Wote kwa mpigo? Ni mrefu mno, mama, hauna nguvu hiyo. Angalia." Akausukuma uzi katikati kwa kidole. Kipande kidogo kikapanda tuta na kutua mfuo wa pili, na pande zake mbili uzi ukakunjika. "Umeona? Kimevuka kipande tu. Hapa na hapa pana viwiko viwili. Basi viwiko ndivyo vinakimbia, hiki kushoto, hiki kulia, hiyo haihitaji nguvu nyingi. Vikifika mwisho, uzi wote uko ng'ambo."

Mama yake aliutazama uzi. "Kondoo wa jirani Gottlob hao, kwenye mtaro. Hawataki kuvuka, hawataki kuvuka, mmoja akisharuka, basi, hata umfunge kamba wa mwisho, atavuka."

"Ndivyo hasa."

"Na nyie mmesoma miaka mingapi kulijua hilo? Gottlob hata jina lake hawezi kuandika."

"Mimi sikusoma, mama, mimi napika tu. Lakini Profesa anataka kuthibitisha kwamba viwiko vipo kweli. Ukiutia ufito kwenye baridi kali, ukaugonga, unalia. Kama uliwahi kupindwa, una mistari mingi mle, viwiko vinacheza mbele na nyuma, vinameza mlio, unakufa mapema. Ambao haujapindwa kabisa unalia muda mrefu. Inabidi awe nao huo usioguswa, auweke kando ya uliopindwa, watu waone."

"Anao?"

"Ninao mimi. Namba kumi na saba. Miezi minne nimeutafuta."

"Basi rudi ukaulinde," mama yake alisema. "Nyonga hii haiponi kwa kutazamwa."

Jumatatu Lore alikuta chumba kinanukia sabuni, vioo havina doa, kibao kimetundikwa palepale. Alimpelekea Wilma brezel, ule mkate wetu wa kusokotwa, yenye siagi, ya moto, na akamshukuru hadi Wilma akamwambia anyamaze. Kisha akauinua namba kumi na saba kwa viganja viwili, akautazama kwa jicho moja dhidi ya mwanga wa dirisha kama alivyofanya siku zote. Ulikuwa umenyooka. Akaufunga kwenye kishikizo.

Jumatano Profesa Veil alishuka mwenyewe kushuhudia. Wilma aliushusha ufito ndani ya nitrojeni ya kimiminika, mvuke ukamwagika mezani, akaanza kusoma vipimo kwa sauti huku baridi ikibadilika hatua kwa hatua. Kila mara waliugonga ufito kwa umeme na kuhesabu mitetemo mpaka ikafa. Ulilia vizuri, ulilia vizuri, halafu karibu digrii mia na tisini chini ya sifuri hesabu ikaporomoka. Wilma akarudia. Ikaporomoka tena, palepale ambapo fito zilizopindwa huporomoka. Kwenye karatasi ya mchoro, mahali ambapo Profesa alitaka tambarare, palisimama kilima.

Profesa hakupaza sauti. Alikuwa mtu mrefu aliyetembea ameinama kwa sababu ya milango, na sasa aliinama zaidi.

"Ama nadharia yangu ni upuuzi," alisema, "ama ufito huu umepindwa na kunyooshwa. Bi Scheufele?"

"Haujapindwa, Herr Profesa."

"Nani mwingine aliingia?"

Lore alimtazama Wilma. Wilma alikuwa akiandika vipimo kwenye daftari, kwa mwandiko wake uleule nadhifu. Profesa akasema atasubiri jibu hadi kesho, akaondoka.

Lore alimfuata Wilma chumba cha makoti.

"Wilma, niambie tu. Uliigusa rafu?"

"Mimi?"

"Sitakasirika. Kama uliigusa, tutajua la kusema."

"Lore! Umenikataza mara mbili, mimi ni mtoto? Nimefagia sakafu, nimefuta vioo, basi. Naapa kwa kaburi la Ernst." Ernst alikuwa marehemu mume wa Wilma. "Wewe uliukata Alhamisi, si ndiyo? Ulikuwa na haraka siku ile, na msumeno wenyewe ulikuwa unalalamika. Labda hapo."

Neno lile likamwingia Lore. Alijaribu kuikumbuka Alhamisi. Kweli msumeno ulilalamika. Kweli alisimama kidogo kubadilisha uzi wake wa kukatia. Akajitazama mikono, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka arobaini na nane hakuwa na hakika nayo.

Akapiga mahesabu yake, na ninayasema hapa ili mtu asimwone mjinga. Rafiki yake ameapa. Kama akimwambia Profesa kwamba Wilma ndiye aliyefagia, Wilma ataadhibiwa kwa kubadilisha zamu, wakati hana kosa lolote ila wema. Na chumba cha vipimo kilikuwa kinasubiri mashine mpya inayojiandikia yenyewe; wote tulijua kwamba mashine ikija, Wilma ataondoka, na kosa dogo lingetosha kumwondoa hata kabla. Basi Alhamisi asubuhi Lore alipanda ngazi akasema, "Ni mimi, Herr Profesa. Nadhani niliupinda nilipoukata. Na nilipoulaza nikaunyoosha bila kutambua."

Mtu hanyooshi fuwele bila kutambua. Profesa alilijua hilo, lakini alikuwa na jibu alilolitaka, nalo liliiokoa nadharia yake. Aliandika barua fupi, Lore akatia sahihi. Kuanzia mwezi wa kumi na moja angehamia ghala la metali, chini kabisa, kupokea na kutoa vipande kwa orodha. Tanuru lingetafutiwa mtu.

Aliyejitokeza kulitaka ni Wilma.

Na Lore alifurahi! Hilo ndilo linalonikera hadi leo nikilisimulia. Alikuja kutuambia kantini, sahani ya mkate na soseji mkononi, kwamba bora Wilma kuliko kijana fulani kutoka nje atakayetanguliza vitabu, na kwamba sasa Wilma amepata kazi ya kudumu, mashine ije isije. Aliomba yeye mwenyewe amfundishe. Wakati huohuo nyumbani alikuwa ameacha kubeba bakuli la supu kwa mkono mmoja. Alivunja kikombe, akakaa na vipande mezani akivitazama. Alipokuwa akifunga vifungo vya koti aliangalia chini kuhakikisha vidole vinafanya alichodhani vinafanya. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, aliyekuwa akibeba kitu kinacholegea kwa uzito wake mwenyewe, sasa anaogopa kikombe.

Somo lilipangwa Ijumaa ya mwisho wa Oktoba, baada ya chakula cha mchana. Wilma alikuja na daftari jipya. Lore alianza na sufu chini ya miguu ya tanuru, akaendelea na kalibu, namna ya kuisugua, namna ya kuisikiliza pampu. Alifundisha vizuri. Alisahau hata huzuni yake; alipofikia kuutoa ufito, alitandaza viganja hewani kuonyesha.

"Kamwe usiushike katikati. Ncha zote mbili, hivi, kama unapokea mtoto. Ukilegea hata kidogo, usijaribu kuurudisha, utakuwa..."

"Wee, haurudi huo!" Wilma alidakia bila kuinua macho kwenye daftari. "Kupinda unapinda kama mshumaa, hata hujasikia. Lakini kuunyoosha sasa! Unakuwa mgumu kama kitu kingine kabisa, mpaka uweke goti."

Aliandika maneno mawili zaidi kabla ya kutambua kwamba hakuna anayezungumza.

Alichosema kilikuwa kweli. Shaba ya fuwele moja ndivyo ilivyo: mistari inayotembea ikishakuwa mingi inakwamishana, na palipopinda kwa urahisi pananyooka kwa tabu. Lore alilijua kwa mikono yake, kwa sababu mwaka wa kwanza aliziharibu fito sita. Profesa alilijua kwa vitabu. Lakini Wilma alikuwa hajawahi kuushika ufito mmoja nje ya kishikizo. Hajatengeneza hata mmoja. Na kitabu hakisemi habari za goti.

"Goti la nani, Wilma?" Lore aliuliza.

"Nini?"

"Umeweka goti lipi? La kulia?"

Uso wa Wilma ulibadilika rangi kuanzia shingoni. "Nimesikia tu. Watu wanasema."

"Watu gani? Tuko wawili tu jengo zima tunaozishughulikia fito hizi. Mimi sijawahi kuweka goti."

Lore aliketi kwenye kigoda cha tanuru. Alitazama mikono yake, akaigeuza, ikawa mikono yake ileile. Haikuwa imekosa kitu. Kwa sentensi moja alirudishiwa mikono na kunyang'anywa rafiki, na hakujua alie kwa kipi kwanza.

"Rafu ilikuwa na vumbi," Wilma alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Nisingeweza kuacha chumba kinang'aa na rafu ina vumbi, Lore, ungenionaje? Nilizitoa zote nikafuta. Huo mmoja ukateleza ukagonga ukingo wa ndoo. Kidogo tu! Nikaunyoosha. Nikautazama kwenye dirisha kama unavyofanya wewe. Ukaonekana sawa."

"Nilikuuliza."

"Nilitaka kusema."

"Nilikuuliza chumba cha makoti, nikakwambia sitakasirika. Ukaapa kwa Ernst. Ukaniambia msumeno ulilalamika."

"Wewe wasingekufukuza! Wewe ni Lore! Mimi wangenitupa nje siku hiyohiyo, na ningekwenda wapi? Nilisema hapana moja tu. Moja. Halafu ukaenda kwa Profesa mwenyewe, sikukutuma. Halafu kazi ikatangazwa, ningeacha aichukue mtu mwingine?"

Lore alimsikiliza na kuelewa vizuri sana namna ilivyokuwa. Kipande kidogo kilivuka kwanza, hapana moja, na baada ya hapo vilivyobaki havikuhitaji nguvu. Kuelewa hakukumsaidia. Moyo ulimuuma mahali ambapo hajui jina lake.

"Twende juu," alisema. "Utamwambia."

"Lore..."

"Twende."

Alitangulia. Kwenye ngazi alikuwa akisikia viatu vya Wilma nyuma yake, na akaamini, hadi mlangoni aliamini, kwamba mtu aliyegawana naye koti hawezi kuingia mle akarudia uongo mbele ya macho yake. Alimweleza Profesa yote kwa mkupuo: mama, treni, zamu, rafu, ndoo, goti. Profesa aliweka kalamu chini.

"Bi Knapp? Ni kweli?"

Wilma alikuwa amesimama wima karibu na kabati, mikono mbele ya aproni.

"Bi Scheufele amechoka, Herr Profesa," alisema. "Mama yake anaumwa. Nafahamu ni vigumu kwake kuliacha tanuru. Simlaumu."

Bi Scheufele. Kwetu watu wakishaitana kwa jina la kwanza hawarudi nyuma. Hilo ni jambo la maisha, linavunjwa na kifo tu. Hawa wawili walianza kuitana Lore na Wilma ndani ya handaki, vumbi likiwadondokea vichwani, kila mmoja akidhani ni usiku wake wa mwisho. Miaka kumi na miwili Lore hakuwahi kusikia jina la mumewe mdomoni mwa Wilma. Sasa alilisikia, limetamkwa kwa adabu kamili, na hapo ndipo alipojua kwamba imekwisha. Kupoteza tanuru kulimuuma. Hili lilimuua.

Profesa alifungua droo, akatoa barua.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulisema uongo wakati ule au sasa?"

"Wakati ule. Kwa ajili yake."

Profesa alimtazama Wilma, akamtazama Lore, akatazama nje. Sidhani kwamba alimwamini Wilma. Nadhani alihesabu. Taarifa ya utafiti ilikwisha kutumwa kwa wahariri, ikieleza kwamba ufito mmoja uliharibiwa na kosa la fundi katika kuukata, na kosa hilo lilikuwa na tarehe na sahihi. Kuanza upya kungeleta maswali: nani anaingia kwenye chumba kile, na fito nyingine kumi na sita zilishikwa na nani.

"Tanuru lazima liwashwe Jumatatu," alisema. "Bi Scheufele, nakuomba ummalizie Bi Knapp somo lake."

Walirudi chini. Lore angeweza kuchukua koti lake akaondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza pia kufundisha vibaya, kwa kosa dogo tu la joto, na Wilma angeharibu shaba mwaka mzima bila kujua kwa nini. Tulipokuja kulisikia jambo hili, wengi wetu tulisema ndivyo tungefanya.

Mlango ulipofungwa Wilma akaanza kulia. Akamshika mkono, ule wa kulia.

"Lore, nisamehe. Ningefanyaje mbele yake? Nitakuja kwako Jumapili, nitaleta keki, tuzungumze kama watu. Lore, sema kitu."

Lore aliutoa mkono wake polepole, kwa uangalifu uleule aliotumia kwa shaba. Akaokota daftari lililoanguka, akalifungua kwenye ukurasa ulioishia katikati, akaliweka mezani na kalamu juu yake.

"Tulifika kwenye kuutoa ufito," alisema. "Kaa chini, Bi Knapp, uandike."

Wilma alimwangalia, kisha akaketi. Lore akaendelea. Alimpa joto sahihi, digrii kwa digrii, na mwendo sahihi wa kuishusha kalibu, na saa ambazo tramu hazipiti. Hakuficha hata kimoja. Kila alipohitaji kumwita, alimwita Bi Knapp, na alipomaliza alimuuliza Bi Knapp kama ana swali.